Mkarafuu wa Msikiti Hauna Mwenyewe

Maneno haya niliyasema Wete, Pemba, mbele ya maimamu, walimu wa vyuo vya Qur'ani, wanakamati wa misikiti na wageni wetu kutoka makanisani. Nimeyaandika kama yalivyonitoka, ila salamu nimezipunguza.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, maalim zangu, mama zangu mliokaa upande wa pili wa pazia, na ndugu zetu Wakristo mliokubali kuja kukaa nasi asubuhi hii, ahsanteni sana.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba dogo la mikarafuu upande wa Konde. Alipoona nguvu zinamtoka alimwita imamu wa mtaani, akawaita na majirani wawili wawe mashahidi, akatangulia nao kwa mkongojo mpaka ukingoni mwa shamba. Akasema, "Hii mitatu ni wakfu wa msikiti." Imamu yule, Mungu amrehemu, hakukimbilia kushukuru. Alimuuliza kwanza, "Wakfu wa nini, Bi Mkubwa?" Bibi akamjibu, "Mafuta ya taa. Na jamvi likichakaa." Basi, yakaisha. Hapakuandikwa karatasi wala hapakupigwa muhuri. Msimu uliofuata bibi hakuuona.

Miaka ikapita. Kandili zikaondoka, waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ukafika Pemba mwaka 2010, na mikarafuu ile mitatu iliendelea kuzaa. Nilipoingizwa kwenye kamati ya msikiti na kukabidhiwa daftari la hazina, nikauliza mauzo ya mitatu ile yako wapi. Nikaambiwa yanashughulikiwa. Kumbe kwa misimu minne mfululizo mmoja wa viongozi wetu, mtu ambaye Ijumaa ndiye akitupandia mimbari kutuhutubia juu ya amana, alikuwa akiita wachumaji, akiwalipa kwa pishi, akizianika karafuu uani kwake na kuzipeleka kituoni, zinakonunuliwa karafuu, kuziuza kwa jina lake. Nilimwendea kwa faragha, baada ya Isha, kama adabu inavyotaka. Hakukana. Alinitazama akaniambia, "Mimi ndiye ninayeutumikia msikiti. Nikila mimi, msikiti umekula."

Msimu huohuo tulikuwa tunachangisha mabati. Mjane mmoja jirani yetu alileta shilingi elfu mbili, pesa aliyoipata kwa kuokota mpeta, karafuu zilizodondoka, chini ya mikarafuu ya watu. Niliipokea mimi mwenyewe kwa mkono wangu, nikamwandika jina lake, na wakati naandika nilikuwa najua karafuu za msikiti ziko uani kwa nani. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Jamani, nimeombwa nizungumze juu ya viongozi wa dini na mali, na juu ya msamaha wa kodi unaopewa taasisi zetu. Ningeweza kuanza na vifungu vya sheria. Lakini kwangu mambo yote haya yamo ndani ya kauli ile moja. Nikila mimi, msikiti umekula. Au kanisa limekula. Mtu anapofikia hapo ameshafuta mstari ulio baina ya mfuko wake na mfuko wa Mungu, na mstari ule ukishafutika, kila utakachompa, kiwe mchango wa mabati au msamaha wa serikali, kitaingia mfuko mmoja.

Kauli hiyo ina ndugu zake mbali sana na Konde. Kule Marekani, mwaka 2015, mchungaji Creflo Dollar wa Georgia aliwaomba watu wamchangie anunue ndege aina ya Gulfstream G650, bei yake dola milioni 65. Mwaka 2018 mhubiri mwingine, Jesse Duplantis wa Louisiana, akaomba ndege aina ya Falcon 7X ya dola milioni 54, naye ndege alishawahi kuwa nazo nyingine kabla ya hiyo. Wote wawili walisema ni kwa ajili ya kueneza injili. Sasa sikilizeni sheria ya kwao ilivyo. Kanisa halilipi kodi ya mapato. Anayetoa sadaka anaweza kuipunguza katika mapato yake yanayotozwa kodi. Na wakati jumuiya nyingine za kheri lazima zipeleke taarifa ya mapato na matumizi kila mwaka kwa watu wa kodi, kanisa halilazimiki. Mwaka 2007 seneta mmoja, Charles Grassley, aliziandikia huduma sita za wahubiri wa televisheni akitaka kujua fedha zinakwendaje. Mbili zilitoa ushirikiano, nne hazikutoa majibu kamili. Mwaka 2011 uchunguzi ule ulifungwa, hakuna aliyeadhibiwa.

Sikuyataja haya kuwasimanga ndugu zetu Wakristo waliokaa hapa. Wala hakuna Mwislamu atakayetoka humu akacheka. Sura ya Tawba, aya ya 34, imesema wengi katika makuhani na watawa wanakula mali za watu kwa batili. Tunaipenda sana aya hiyo tukiwa tunajadiliana na wenzetu. Lakini tazameni inavyoanza. Inaanza "Enyi mlioamini!" Walioitwa ni sisi. Mwenyezi Mungu ametuonesha ugonjwa kwa jirani ili tujikague wenyewe, na sisi tumeufanya kuwa ni habari ya jirani tu.

Na ya kwetu tunayajua. Tunawajua waliochukua pesa za watu za Hija, wazee wakauza ng'ombe, wakauza na kiwanja, wakaaga ukoo mzima, halafu wakarudi kutoka uwanja wa ndege na mabegi yao. Tunawajua wanaouza maji yaliyosomewa kwa bei ya dawa ya hospitali. Tunawajua wanaopokea misaada ya kujengea madrasa kutoka nchi za Ghuba, wakapeleka picha ya msingi, wakapeleka tena picha ya msingi uleule iliyopigwa kwa upande mwingine. Watoto bado wanasomea chini ya mwembe.

Nije sasa kwenye kodi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopita juu juu.

Watu wanadhani msamaha wa kodi ni jambo baina ya serikali na sheikh, au baina ya serikali na askofu. Serikali imeamua kutochukua, basi hakuna aliyepoteza. Si kweli. Gari likishushwa bandarini Malindi, Unguja, kwa jina la taasisi ya dini na likasamehewa ushuru, barabara litakayopita haikusamehewa lami. Pengo lile lina mtu wa kuliziba. Analiziba mama muuza mandazi wa Micheweni. Yeye akinunua sabuni, betri na vocha ya simu, kodi imeshaingia ndani ya bei; hapa kwetu Zanzibar kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 15, na dukani hakuna anayemuuliza dini yake wala kumwandikia msamaha. Kwa hiyo mama yule ni mfadhili wa kila msikiti na kila kanisa lililosamehewa, la dini yake na lisilo la dini yake. Hajui kuwa ni mfadhili. Hakuna aliyemwambia. Na kama yeye ni mfadhili, ana haki ya kuuliza lile swali aliloulizwa bibi yangu. Wakfu wa nini?

Wala sheria yetu haisemi kama wengi wanavyodhani. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, inakusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hata huku visiwani. Kodi zetu wenyewe zinakusanywa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato mwaka 2022. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inaitambua taasisi ya dini kuwa ni ya kheri, lakini mpaka Kamishna aikubali, na taasisi ikifanya biashara, biashara ile inahesabiwa kuwa ni biashara. Mshahara wa mfanyakazi wa taasisi ya dini hutozwa kodi kama mshahara wa mwalimu wa skuli. Msamaha ni wa kazi. Haumfuati mtu nyumbani, haupandi naye gari, haulali naye.

Nakumbuka bajeti ya mwaka 2009. Serikali ya Muungano ilipendekeza kupunguza sana misamaha ya kodi, na taasisi za dini zikiwemo. Viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, walikuja juu kwa sauti moja, na serikali ikarudi nyuma. Hoja waliyoitoa ilikuwa ya haki: nani anayeendesha zile hospitali za vijijini, nani anayesomesha mayatima? Kweli kabisa, na mimi niliwaunga mkono. Lakini nilikaa na redio yangu siku zile zote nikingoja nisikie sauti ileile ikisema, "Na hizi hapa hesabu zetu, zitazameni." Mimi sikuisikia.

Masheikh zangu, kinachonisikitisha ni kwamba sisi watu wa visiwa hivi hatuna haja ya kwenda kujifunza uaminifu huu Marekani wala Ulaya. Tunao. Tunao tangu mababu, na jina lake ni wakfu.

Mtu akiweka wakfu, mali ile inatoka mikononi mwake na haiingii mikononi mwa mwengine. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Inasimama pale, na manufaa yake tu ndiyo yanayotembea, yanakwenda kwa yule aliyetajwa na kwa lile lililotajwa. Wanazuoni wa fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, wana kanuni kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu lina nguvu kama matini ya Sharia. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini aliposema "mafuta ya taa na jamvi" aliweka sheria, na sheria ile imamu alikuwa chini yake. Anayesimamia, mutawalli, yeye ni mkono tu. Mkono unapokea na mkono unatoa. Ukishaona mkono umeota mdomo, kadhi anamwondoa.

Misikiti na visima vingi vya Unguja na Pemba vimesimama kwa njia hiyo. Mwaka 1905, wakati wa himaya ya Waingereza, ikaundwa Kamisheni ya Wakfu kuzisimamia mali hizi, na leo tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana chini ya sheria ya mwaka 2007. Siwezi kusema kwamba njiani mambo yote yalikwenda sawa. Ziko wakfu zilizopotea hati, ziko zilizogeuzwa urithi na wajukuu, ziko nyumba za Mji Mkongwe zilizochakaa mpaka zikaanguka. Lakini hakuna mahali ambapo sheria iliwahi kumruhusu msimamizi aseme mali ni yangu. Waliokula walikula wakijua wanaiba.

Basi mimi nasema msamaha wa kodi uhesabiwe kama wakfu. Ni mali ya umma iliyosimamishwa kwa ajili ya jambo maalumu. Una mwenye kutoa, ambaye ni mlipakodi. Una sharti. Una msimamizi, ambaye ni mkono. Na msimamizi lazima aoneshe hesabu.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nilishajibiwa. Nilipoipeleka habari ya mikarafuu kwenye kikao cha kamati, wakubwa wawili waliinuka wakaniambia kwamba nyama ya wanazuoni ni sumu, anayewatafuna hasalimiki. Nikaitwa mchochezi. Ndugu zetu Wakristo nao wana aya yao ambayo huvutwa wakati kama huo, "Msiwaguse masihi wangu." Maneno hayo ni mazito na yana mahali pake. Mtu akimsengenya mwanazuoni, akamzulia, akamvunjia heshima yake, hapo sumu ipo kweli. Lakini kumwuliza mtu karafuu za msikiti ziko wapi si kumtafuna nyama. Anayetafuna ni yeye.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, kwenda kukusanya zaka. Aliporudi akasema, hizi ni zenu, na hizi nimepewa mimi zawadi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtume hakumwita pembeni. Alipanda mimbari akasema mbele za watu, basi kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake tuone kama atapewa zawadi? Ningependa kila anayepokea bahasha kwa sababu ya kilemba chake au kola yake ajiulize swali hilo. Ukikaa nyumbani kwa mama yako huko Kojani, bila ya kanzu ya joho na bila ya kipaza sauti, nani atakuletea gari?

Hapa lakini nataka nisimame kidogo, kwa kuwa ukiishia hapo utakuwa umewadhulumu watu wengi. Imamu anakula nini? Tunao maimamu Pemba hii wanaoamka saa kumi kila siku ya Mungu, wanaosha maiti zetu, wanafungisha ndoa zetu, wanasuluhisha magomvi yetu usiku wa manane, na malipo yao ni sahani ya hitima na shilingi chache zilizokunjwa kiganjani. Mwalimu wa chuo anafundisha watoto arubaini kwa ada ambayo nusu ya wazazi hawaileti. Kisha tunawataka wawe malaika. Abubakar alipopewa ukhalifa, kesho yake alitoka na nguo zake mabegani kwenda sokoni kuuza, kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha; masahaba wakamrudisha, wakamkatia posho kutoka Baitul-mali, hazina ya Waislamu. Ilikatwa na watu, ikajulikana ni kiasi gani. Na zaka yenyewe, katika mafungu yake manane, fungu la tatu ni la wanaoitumikia. Kwa hiyo mtumishi ale. Ale vizuri. Ila fungu lake lijulikane, liandikwe, na likatwe na wengine, si kwa mkono wake mwenyewe uani kwake. Mimi naamini wizi mwingi mdogo mdogo wa misikitini umezaliwa na ubahili wetu sisi waumini. Ule mkubwa umezaliwa na kitu kingine.

Upande wa kanisa visiwa hivi navyo vina watu wa kukumbukwa. Askofu Frank Weston alikuwa askofu wa Anglikana Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924. Mwaka 1920 aliandika kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za nguvu. Mwaka 1923 alikwenda London akasimama mbele ya maelfu ya Wakristo waliokuwa wakijifakhari kwa uzuri wa ibada zao, akawaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu altareni ikiwa hawamwonei huruma Yesu aliyeko kwenye vibanda vya maskini. Hayo yalisemwa na mtu aliyetoka Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mchungaji wa leo anayetaka mfano hana haja ya kuutafuta Georgia.

Sasa nini tufanye? Mimi si mtunga sheria. Lakini yapo ya kuanzia kesho. Simu zenu zote zina matangazo ya michango: tuchangie kisima, tuchangie paa, tuma kwa namba hii. Tazameni namba ile ikitokea jina. Ni jina la taasisi au la mtu? Kama ni la mtu, msitume. Mwambieni asajili namba ya taasisi, na awepo wa pili asiye ndugu yake anayeona kila kinachoingia. Hili peke yake lingefunga milango mingi. Na serikali, ikitoa msamaha, ibandike jina la taasisi, kitu kilichosamehewa na sababu yake, pale shehiani, watu waone. Kama ni gari la wagonjwa, tutaliona linabeba wagonjwa. Kama kila Jumamosi liko harusini na watoto wa kiongozi, tutaliona pia. Na taasisi isiyotaka kuonesha hesabu zake, ilipe kodi kama duka. Sioni dhulma yoyote hapo. Korea Kusini, tangu mwaka 2018, viongozi wa dini wa kila dini wanalipa kodi ya mapato yao, na ibada zinaendelea.

Mtaniuliza yaliishaje ya mikarafuu. Yule kiongozi hakurudisha kitu. Alisema atarudisha, misimu ikapita. Mwaka mzima alikuwa hanijibu salamu, na mwaka mzima nilisali nyuma yake, kwa sababu msikiti ni wetu sote na sala haikunikosea. Lakini tuliiandika hati. Katika mashahidi wa bibi, mmoja alikuwa bado yuko hai, haoni, tukambeba mpaka kikaoni, akayarudia maneno yale kama yalivyokuwa, mafuta ya taa, na jamvi likichakaa. Kamati ikauliza, kwa kuwa mafuta hayatumiki tena, je, umeme ni sawa? Mzee akafikiri, akasema, "Taa ni taa." Nakala moja tumeipeleka kwenye Kamisheni, nyingine imebandikwa ukutani karibu na pale tunapovulia viatu.

Na daftari ni hili hapa. Lina misimu mitano tangu siku ile: pishi zilizochumwa, malipo ya wachumaji, risiti za kituoni, umeme, mabusati, na posho ya imamu iliyokatwa na kikao. Mjane yule aliyeleta elfu mbili ndiye anayelikagua pamoja na mimi, mjukuu wake akimsomea. Nalipitisha kuanzia safu ya mbele, halafu liende kwa kina mama, halafu kwa wageni wetu. Nimeweka na kalamu ndani yake. Penye shaka, andikeni pembeni, nami nitajibu hapa hapa kabla ya Adhuhuri.